Wenzangu wamepanga siku ya baharini, na mie natamani kujitia homa

Assalaam alaykum Somo,

Mie ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 39, nakaa Magomeni ya Unguja. Tuko wanawake saba tuliosoma skuli moja na hatujaachana tangu hapo. Tumeozana, tumezikiana wazee, tumeleleana watoto. Kila mwezi tunacheza mchezo wa fedha, na mshika fedha ni mimi, kwa sababu wanasema nina mkono wa birika.

Mwaka jana mmoja wetu anayeishi Uingereza alisafiri na mumewe kwa meli kubwa ya kitalii, za namna ile tunazoziona zikifunga gati Malindi. Alituonesha picha za miji chungu nzima, lakini alichokisifu si miji. Alisifu siku ambazo meli haikufunga popote. Unaamka, huna pa kwenda. Unakaa juu na kikombe chako cha chai, unatazama maji, unasinzia, unazinduka, chakula kipo na maji yapo pale pale. Anasema bandari nyingine hata jina hazikumbuki, lakini zile siku za bahari tupu anazikumbuka moja moja.

Sote tukaingia tamaa. Tukasema mwaka huu vunja jungu letu, ile karamu ya kabla ya Ramadhani, si la pilau uani kwa mtu. Tunakodi chombo, tunakwenda baharini sisi saba, hatufanyi kitu. Shoga yetu wa Uingereza keshakata tiketi anakuja.

Shida imeanzia hapo. Tuna mwenzetu nitamwita Bi Ratiba. Nampenda, nilipojifungua kwa upasuaji yeye ndiye aliyenifulia wiki tatu. Lakini ametuletea orodha kwenye kundi la WhatsApp. Saa kumi na mbili asubuhi tuwe Kizimkazi tunatazama pomboo. Saa nne tuwe Mnemba tunatazama samaki na matumbawe. Mchana tule Changuu kwa makobe. Alasiri tupige picha kwenye fungu la mchanga la Nakupenda. Jua likizama tuwe Nungwi. Sare tatu za kubadilisha, mpiga picha, na spika kubwa la muziki. Wawili washasema watakuja na watoto. Siku ni tarehe 29 Shaaban. Kila mtu kajibu kwa vimoyo vyekundu, na mimi nikatia changu.

Sasa la kwangu. Sijui kuogelea, na bahari naiogopa. Mama yangu mdogo alikuwamo ndani ya meli ya Pemba iliyozama Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Hakuonekana. Tangu hapo nikienda Pemba kwa mama nakwenda kwa ndege, hata kama nauli ni ya kukopa. Wenzangu msiba wanaujua, walikaa matanga na mie. Wasichokijua ni kuwa mpaka leo nikisimama Forodhani maji yamejaa, miguu inakufa ganzi. Niliitikia safari kwa kuwa natamani kweli. Natamani siku moja nikae niyatazame yale maji kama anavyoyatazama mwenzangu.

Na shilingi 700,000 za safari ninazo mimi. Nikisema naogopa, wataivunja safari yote kwa ajili yangu. Nikisema orodha ni ndefu, Bi Ratiba ataona namwonea choyo. Najiona asubuhi ya safari nimejifunika blanketi nimejitia homa. Nifanyeje?

Mshika Fedha, Magomeni

JIBU LA SOMO

Wa alaykumu ssalaam Mshika Fedha,

Homa usijitie. Watu waliokufulia wiki tatu hawatakuacha na homa yako kitandani. Watamiminika kwako na uji wa pilipili manga, wakukute umesimama jikoni unakaanga vitunguu. Halafu kuna jambo jengine: umeandika "natamani" mara mbili. Anayetaka kukimbia safari haandiki hivyo.

Nianze na mama yako mdogo, Mungu amrehemu na awarehemu wote waliokuwa naye. Sitakwambia usiogope. Mwaka mmoja haujatimia baada ya msiba ule, tarehe 18 Julai 2012, boti nyengine iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na Chumbe, kusi limechachamaa. Watu wa visiwani tuna sababu zetu za kuitazama bahari kwa jicho la pembeni, na wewe una sababu yenye jina na sura. Huo si ushamba wala si udhaifu wa imani.

Nitakachokwambia ni tofauti iliyopo, uipime mwenyewe. Meli ile ilizama usiku, kwenye mkondo, imejazwa watu na mizigo kupita kiasi. Abiria aliyekuwa chini hakuwa na njia ya kujua wameingia wangapi, wala hakuwa na mtu wa kumwambia "hatuondoki". Chombo mtakachokodi nyinyi kitakuwa mchana, ndani ya ghuba, nchi kavu mnaiona kila mnapogeuza shingo. Bahari haishi zinge, yaani misukosuko, sikufichi. Ila hapa watu utawahesabu kwa vidole vyako. Na kwa kuwa fedha unazo wewe, ufukweni mwenye sauti ni wewe. Ukisema hatutoki, hamtoki.

Kwa hiyo itumie hiyo sauti mapema. Wiki moja kabla, mchukue mwenzako mmoja mwende mkakione chombo. Mwambie nahodha akuoneshe leseni, na uangalie imeandikwa abiria wangapi. Hesabu majaketi okozi, kila mtu lake, uvae moja ufunge vifungo vyake vyote, kwani liko jaketi lililotundikwa kwa mapambo tu na kifungo chake kilikatika zamani. Uliza mashine ikizima itakuwaje. Nahodha mzuri haudhiki na maswali haya. Atakueleza tanga liko wapi, upondo uko wapi, simu anampigia nani. Akicheka akakwambia "mama, mie nimezaliwa baharini", mshukuru umtafute mwengine. Hata waliozaliwa baharini wanahitaji mashine ya pili.

Kisha mwombe akupandishe chombo kikiwa kimetia nanga, maji ya magotini. Kaa nusu saa. Zungumza na mwenzako habari za watoto. Miguu ikifa ganzi na ife, iko kwenye maji ya magoti na unaweza kushuka ukaenda zako. Ukiona huwezi kabisa, utakuwa umejua wiki nzima kabla, na hiyo ni heshima kwa wenzako kuliko blanketi la asubuhi. Lakini nahisi utaweza.

Siku yenyewe jaketi livae ukiwa bado mchangani, na usilivue mpaka urudi mchangani. Mpiga picha akisema linaharibu sare, mwambie akupige kichwa.

Haya, sasa hiyo orodha. Nimeisoma mara mbili nikidhani nimekosea. Kizimkazi iko kusini kabisa mwa Unguja. Mnemba iko kaskazini mashariki. Changuu na Nakupenda ziko magharibi, mbele ya Mji Mkongwe. Nungwi ni ncha ya kaskazini. Kisiwa hiki kina urefu wa kilomita 85 hivi, na Bi Ratiba amekizunguka chote kwa siku moja, na chakula cha mchana ndani yake. Nusu ya siku yenu ya bahari itakuwa barabarani, mmebanana kwenye gari mnauliza nani kaacha kiatu.

Na makosa si ya umbali peke yake. Shaaban ya safari hii imeangukia kaskazi, na Mnemba inaupokea upepo huo usoni. Ukiwa huko na hofu yako mpya, kila wimbi utalihesabu. Ghuba ya Menai iko upande wa pili, kusini magharibi, nyuma ya mgongo wa kisiwa. Upepo unafika, lakini umeshapunguzwa makali na nchi. Pale ndipo ningewapeleka. Mnatoka Magomeni kwa gari mpaka Fumba, si mbali, mnapanda mashua moja, na hamshuki humo isipokuwa kukanyaga mchanga. Ghuba hiyo ni hifadhi tangu mwaka 1997, kilomita za mraba 470, na ndani yake mna Kwale, Pungume, Miwi na visiwa vyengine vidogo, mafungu ya mchanga na mikoko. Hata pomboo wa Kizimkazi ni wa maji hayo hayo. Wakipita mtawaona, wasipopita msiwafukuze. Siku hizi Kizimkazi asubuhi nimewahi kuona boti nane zinamkimbiza pomboo mmoja na mtoto wake, na wanyama wale mchana ndio wanapumzika. Walikuja kufanya hicho hicho mnachokitafuta nyinyi.

Tarehe nayo ibadilisheni, na hapa nisikilize vizuri, kwani hili wengi wetu wa mjini tumelisahau, wazee wetu walilihesabu kwa vidole. Tarehe 29 mwezi umeandama au unakaribia kuandama, maana yake ni bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku za bamvua huku kwetu maji hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi na hujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na kati ya kujaa na kupwa pana karibu mita 4. Mkifika Fumba saa tatu mtakuta mashua imekaa upande, na nyinyi mnatembea kwenye tope na mapochi kichwani kuifuata bahari ilikokwenda. Na alasiri mliyopanga kupiga picha juu ya fungu, fungu litakuwa chini ya maji. Sare yenu ya tatu wataiona samaki.

Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Hesabu kutoka tarehe kumi na tano, mwezi mpevu, ambao nao ni bamvua. Ukifika tarehe 17 au 18 Shaaban, kupwa kumesogea mpaka karibu saa sita mchana, saa saba kasoro. Hiyo ndiyo siku yenu. Saa tatu asubuhi maji bado yapo ya kuielea mashua, mnatoka. Saa tano fungu linaanza kutoa kichwa, mnashuka, mnatandika mkeka, mnakaa mpaka saa nane mchanga ukiwa wenu. Maji yakianza kurudi mnapanda, mnapita Kwale, mnaingia taratibu kwenye kile kidimbwi kilichozungukwa na mikoko, na mnarudi Fumba maji yamejaa mnashuka bila ya kukanyaga tope. Mwulizeni nahodha wa pale pale, kwani kila ghuba ina tabia yake, lakini hesabu hiyo mwambie uone atakavyokutazama kwa heshima. Kwamba haitakuwa siku ya mwisho ya Shaaban, si kitu, jungu linavunjika hata likiwa na wiki mbili za ziada. Wenye madeni ya saumu wayalipe kwanza au waje wakiwa wamefunga, nani atawalazimisha kula.

Nimekaa sana kwenye maji kwa sababu hapo ndipo siku yenyewe ilipo. Mwenzenu wa Uingereza alipumzika melini kwa kuwa hakukuwa na la kuamua. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, nahodha alikuwa anajua njia, kitanda kilikuwa hatua ishirini. Nyinyi hamna mtu wa kuwafanyia hayo, kwa hiyo mambo machache lazima myaamue nchi kavu, kisha mkanyamaze. Bi Ratiba amepanga mambo ya baharini na kuyaacha ya nchi kavu yote.

Tuje kwake sasa. Usimjibu kwenye kundi. Ukimjibu kule, watu sita watakuwa wanasoma, atalazimika kupigana. Nenda kwake, alasiri, na kashata zako, ukae jikoni kwake. Mimi siamini kuwa anataka kuwachosha. Mtu wa orodha mara nyingi ni mtu anayeogopa siku ikipita patupu wenzake watasema hakufanya kitu. Na huyu kakuoneshea mapenzi kwa kufua nguo wiki tatu, hakukaa kando ya kitanda akakushika mkono. Kwake kupenda ni kazi, ukimnyang'anya kazi umemfukuza.

Basi mpe kazi, lakini moja, nzito, na umwanzie na siri yako. Mwambie kama hivi: "Shoga, nina jambo sijamwambia mtu. Tangu mama mdogo, bahari inanitetemesha. Nataka kwenda na nyinyi, lakini nataka chombo kimoja, ghuba moja, na mtu wa kukaa karibu yangu. Nimeona nikwambie wewe kwanza." Kisha unyamaze. Usiongeze "lakini orodha yako". Yeye mwenyewe ataipasua, namjua bila ya kumjua. Baada ya hapo mwambie chakula chote ni chake, kuanzia birika la kahawa mpaka vijiti vya meno, na kwamba hakuna mwengine atakayemwingilia. Ile methali ya manahodha wengi unaijua, sikuchoshi nayo.

Na wale wengine watano? Bi Ratiba akishakuwa upande wako, habari itafika yenyewe, tena imeshapikwa na nazi. Hawataivunja safari. Unawafikiria vibaya wenzako ukidhani wakiijua hofu yako watachukia. Walikaa matanga na wewe.

Watoto, hapana. Watoto waende siku nyengine, na baba zao. Mama mwenye mtoto chomboni hana siku ya mapumziko, na wasio na watoto nao hawana, kwani kila mmoja atakuwa macho juu ya kile kilichopanda ukingoni. Hili lisemwe na mmoja wa wenye watoto wengi, litapokewa vizuri zaidi.

Mpiga picha naye simwoni wa kazi gani watu saba wana simu saba. Spika waache, au mwafikiane lifunguliwe wakati wa kurudi tu. Kule kuna wavuvi kazini, na kuna mwenzenu mmoja amekatia tiketi ya ndege kuja kusikiliza maji.

Sare iwe moja, na isiwe dera refu tupu. Dera likilowa linafunga miguu kama pingu, na wewe huogelei. Vaa suruali nyepesi ndani, kanga juu, kofia ya ukili, na miwani kama unayo. Jua la baharini linakupiga mara mbili, juu na chini, hata ukiwa kivulini linakutafuta kwenye maji. Viatu vya mpira vya kukanyagia mwamba kila mtu awe navyo, kwa ajili ya wale wadudu wa miiba myeusi. Mkiona kiti cha pweza kizuri chekundu, kitazameni humo humo majini. Kukitoa juu kwa ajili ya picha ni kukiua.

Chakula ni cha Bi Ratiba, nimesema, lakini mnong'oneze mambo mawili matatu. Vitu vikavu vinavyoshikika kwa mkono: katlesi, kachori, mkate wa kumimina, ndizi, embe mbichi kwa pilipili na chumvi. Samaki wakachomwe pale pale funguni, nahodha akinunua kwa wavuvi mtakula wa asubuhi hiyo. Madafu na maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyodhani. Urojo, kwa jina la Mungu, ubaki mjini. Mie ujanani nilikwenda Kwale na sufuria la urojo nimelipakata kama mtoto mchanga. Chombo kiliinuka mara moja tu, kikashuka, na urojo wote ukahamia kwenye buibui la wifi yangu. Amenisamehe, lakini hakuna harusi anayokwenda asiihadithie.

Kama bahari inakulevya, usipande na tumbo tupu wala lililojaa. Kula kitu kidogo, unywe chai ya tangawizi. Famasi vipo vidonge vya kuzuia kutapika safarini. Mweleze mfamasia dawa nyengine unazotumia, na umeze kabla hujapanda, si baada ya kuanza kuchafukwa. Vingi vinaleta usingizi, na siku hiyo usingizi ndio tunaoutafuta. Kaa nyuma, karibu na tezi anapokaa nahodha, omo, yaani mbele ya chombo, ndiyo inayorushwa zaidi. Usiiname kwenye simu. Tazama mbali, pale mbingu inapogusa maji au kisiwa chochote kilichosimama.

Fedha: kodi chombo kizima, msichanganywe na watu msiowajua. Uliza kama ada ya hifadhi, mafuta na samaki vimo ndani ya bei. Toa nusu, ikibidi chini ya nusu, uandikiwe, na iliyobaki ulipe mkisharudi mchangani mkiwa saba. Na mwafikiane mapema upepo ukikataa siku hiyo itakuwaje, malipo yanasogezwa au yanarudi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi, isikilize usiku wa kuamkia safari na asubuhi yake. Nahodha akisema leo sitoki, mpe mkono umshukuru, hata kama kachori zishakaangwa.

Usishangae kwenda mkaenda kwa tanga na kurudi kwa mashine. Kaskazi itawasukuma kwenda, kurudi itakuwa puani. Ile saa ya kwenda, akishazima mashine na kutweka tanga, ndiyo saa ya kunyamaza. Utasikia maji yanapita ubavuni na mbao zinajibu. Kama kuna sehemu ya siku inayofanana na alichokisimulia mwenzenu, ni hiyo. Mshike mkono aliye karibu yako ukitaka, na ukimlilia mama yako mdogo kidogo, mlilie. Hakuna atakayekuuliza.

Adhuhuri mtaiswali funguni. Kibla hakitawasumbua, kwetu ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwani Makka imekaa juu yetu kama iliyopigwa uzi. Upepo ukikupiga shavu la kulia, umeelekea.

Baadaye, hofu ikipungua, fikiria kujifunza kuogelea. Si lazima iwe mwaka huu. Nungwi wapo wasichana waliofundishwa na walimu wanawake wenzao, kwa nguo za kuogelea zenye kusitiri mwili mzima, na sasa wao ndio wanaofundisha wadogo zao. Miaka 39 si mingi. Binti zako ukiwapeleka, nawe utasimama pembeni na maji ya magoti, mwisho utajikuta ya kiuno.

Na bwana'ko mwambie ukweli wa safari na saa ya kurudi, amtie mmoja wa wazee wa Fumba kwenye simu yake kama anamjua. Hilo halina mjadala.

Mkirudi niandikie. Sitaki picha. Nataka kujua ni nani kati yenu aliyekuwa wa mwanzo kupitiwa na usingizi. Kamari ni haramu, lakini jina la mtu ninalo kichwani, na ndilo lile lile lililoandika orodha.

Somo